Msiukate Ukingo wa Kitenge

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia katika kila semina ya historia tangu nilipoingia chuoni: "Kwetu hakuna nyaraka." Huisema mwanafunzi anayetaka kuiacha mada ya biashara ya mpakani na kuhamia mada ya wafalme. Huisema pia mhadhiri anayemshauri ahame. Husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba Kasese na Bwera ni mgonjwa aliyezaliwa bila kumbukumbu. Mimi ni mtoto wa Mahango, kwenye miteremko ya Rwenzori, na ninaandika insha hii kuikataa sentensi hiyo. Nyaraka zipo. Nyingine zina namba, nyingine zina tarehe, na nyingi zimechapishwa kwa rangi iliyostahimili maji, jua na sabuni kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba tunazikata kwa mkasi, kisha tunazifagia.

Ninazungumzia ukingo wa kitambaa: ule ukanda mwembamba wa pembeni mwa kitenge, wenye maandishi madogo, ambao fundi cherehani huuondoa au kuuficha ndani ya mshono. Hoja yangu ni kwamba ukanda ule ni hati ya biashara, kwamba idara zetu za historia na za Kiswahili zina wajibu wa kuisoma, na kwamba kutoisoma kunawaumiza watu walio hai, si wasomi peke yao.

Ili nisidhaniwe kuwa natetea vitambaa kwa sababu tu soko la Mpondwe liko karibu na kwetu, nitaanza mbali, Ufaransa. Mwaka 1669 Jean-Baptiste Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, alitoa kanuni za kusimamia upana, urefu na ubora wa vitambaa vya sufu vya nchi yake. Jora lililokaguliwa na kukubaliwa lilitiwa muhuri wa risasi. Kwa risasi simaanishi ile ya bunduki. Namaanisha madini yenyewe, laini na mazito. Mkaguzi alichukua visahani viwili vya risasi vilivyounganishwa kwa utepe mfupi wa madini hayo hayo, akavikunja kwenye ukingo wa kitambaa, kisha akavigonga kwa chapa ya chuma. Muhuri huo ulibeba nembo ya mfalme au ya mji, jina la mfumaji au mfanyabiashara, mara nyingine mwaka, mara nyingine namba ya urefu. Mwaka 1670 ikaongezwa adhabu: kitambaa kibovu kitundikwe hadharani juu ya nguzo pamoja na jina la aliyekitengeneza, na akirudia hadi kosa la tatu, mwenyewe afungwe pale pale na kitambaa chake. Mfumo huo uliendelea hadi Mapinduzi ya Ufaransa yalipoufuta mwaka 1791.

Vitambaa vile vingi vimeoza. Mihuri imebaki. Mingine imeokotwa mashambani, mingine kwenye matope ya mito, mingine ng'ambo ya bahari. Huko Marekani ya Kaskazini, katika ngome za zamani za Wafaransa kama Michilimackinac, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mihuri iliyotoka katika miji ya ufumaji ya Ufaransa, kwa sababu Wafaransa walibadilishana sufu kwa ngozi za wanyama na wenyeji wa huko. Mtaalamu anayeokota kipande kimoja hufanya kazi ya subira. Husoma herufi zilizosalia. Hutazama nembo. Hugeuza upande wa ndani, kwa maana mara nyingi risasi ile laini imehifadhi alama ya nyuzi za kitambaa kilichobanwa, na kutoka hapo hujua ufumaji ulikuwa mzito au mwepesi. Kisha hulinganisha na mihuri mingine iliyokwisha kuorodheshwa. Orodha ndiyo ufunguo. Muhuri mmoja peke yake ni takataka. Muhuri mmoja ndani ya orodha ya mia ni ushahidi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari zenyewe ndizo mali.

Sasa ninauliza. Ikiwa kipande cha risasi kinachotosha kiganjani, kilicholiwa na kutu, chenye herufi tatu zinazosomeka, kinaweza kueleza safari ya kitambaa kutoka mji mdogo wa Ufaransa hadi msitu wa Marekani, kwa nini ukingo wa kitenge wenye sentensi nzima, jina la kiwanda na namba ya mchoro usiweze kueleza safari ya kitambaa hadi Bwera?

Wanaosoma Kiswahili wasiseme kwamba jambo hili haliwahusu. Lugha yetu imejaa vitambaa. Merekani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani: pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa mwaka 1833. Kitambaa kile kilikuwa fedha. Misafara ya bara ilikihesabu kwa vipimo ambavyo tunavikuta katika kamusi bila kujua tunasoma nini: shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa shuka mbili, jora lilikuwa kitambaa kizima kisichokatwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Lakini jina halikuondoka. Mtu aliweza kununua merekani iliyofumwa Bombay. Hapo ndipo alama inapokuwa na maana: jina la mdomoni lilibaki Marekani, ila kitambaa chenyewe kilikuwa kimehama nchi. Bila alama, mwanahistoria angedanganywa na kamusi.

Kanga nayo inatufundisha vivyo hivyo. Kanga nyingi za Mombasa za duka la Kaderdina Hajee Essak zimeandikwa "Mali ya Abdulla". Maneno hayo si methali, si jina la kanga. Ni alama ya mwenye mali, iliyowekwa ili mnunuzi ajue anaponunua. Na michoro mingi ya kanga za karne ya 19 imehifadhiwa hadi leo katika vitabu vya sampuli vya kiwanda cha Vlisco, mjini Helmond, Uholanzi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846. Fikirini hilo kidogo. Mholanzi aliyeuza kanga alitunza kipande cha kila mchoro. Sisi tuliovaa hatukutunza. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayetaka kujua bibi wa bibi yake alivaa nini analazimika kuomba viza.

Turudi Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unatenganisha Uganda na Kongo, na ambako wateja na wauzaji wa Bwera, Kasindi, Beni na Butembo hukutana. Upande mmoja kitambaa kinaitwa kitenge. Upande wa pili kinaitwa kikwembe, na kinauzwa kwa pisi ya yadi 6. Ukisoma kingo za vitambaa vya soko lile, utaona mpaka umechapishwa juu yake. Kitenge cha Vlisco kilichokusudiwa nchi zinazotumia Kiingereza kimeandikwa "Guaranteed Dutch Wax". Kile kilichokusudiwa nchi zinazotumia Kifaransa kimeandikwa "Véritable Wax Hollandais". Ukikuta ukingo wa Kifaransa katika sanduku la mama wa Mahango, umepata ushahidi kwamba kitambaa kile huenda hakikupanda kutoka Kampala. Yaelekea kilipitia Kongo. Ukizikuta kingo ishirini za namna hiyo katika kijiji kimoja, na wenyewe wakakumbuka miaka waliyonunua, umeanza kuandika historia ya biashara ambayo hakuna karani wa forodha aliyewahi kuiandika, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara ile ilivuka mto kichwani mwa wanawake.

Zipo pia vitenge vyenye tarehe zake. Vitambaa vya Siku ya Wanawake ya Machi 8, vitambaa vya ziara ya Papa Francis, aliyefika Uganda Novemba 2015 na Kongo mwanzoni mwa 2023, vitambaa vya kampeni na vya jubilei za parokia: hivi vyote vimechapishwa tarehe na tukio. Mwanahistoria anayekunja uso kwa sababu hati hizi zina maua na picha ya mtakatifu, aseme wazi kwamba hapendi maua. Asiseme kwamba hakuna hati.

Nimesema jambo hili linawaumiza watu walio hai. Shangazi yangu anayekaa Bwera aliweka akiba yake katika vikwembe, kama wanawake wengi wa pande zote mbili za mto. Benki iko mbali na ina makato yake. Kikwembe kizuri kinakaa sandukuni, hakiozi upesi, na siku ya shida kinauzwa. Muhula mmoja ada yangu ilipokosekana, alitoa pisi nne nzuri kwenda kuziuza. Miaka ya nyuma fundi alikuwa amezikata kingo na kuzipinda ili apate kuzivaa kanisani. Mnunuzi alizigeuza, akapapasa pembeni, akauliza: "Mama, maandishi yako wapi?" Hayakuwapo. Akampa bei ya kitambaa cha kuiga, naye akaipokea kwa kuwa muhula haumsubiri mtu. Kitambaa kilikuwa kile kile alichonunua. Uzi haukupungua. Kilichopungua ni ushahidi, na ushahidi ule ulikuwa na thamani ya karibu nusu ya mali yake.

Wapo watakaosema kwamba mjuzi hahitaji maandishi. Ni kweli, kwa kiasi fulani. Kitenge cha nta huchapishwa pande zote mbili, kwa hiyo rangi ya mbele na ya nyuma hukaribiana. Kile cha kawaida kina mgongo uliopauka. Nta inapopasuka kabla ya kutiwa rangi huacha mishipa midogo, na mishipa hiyo haijirudii. Kitambaa cha kuiga kina mishipa iliyochorwa na mashine: pima kwa rula, utaona mshipa ule ule unarudi kila baada ya urefu ule ule. Maarifa haya yapo sokoni. Lakini yako wapi yameandikwa kwa Kiswahili, au kwa Lhukonzo, ili msichana anayenunua kitenge chake cha kwanza ayasome? Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale Mpondwe methali hiyo haifanyi kazi. Kibaya hujiuza vizuri sana, kwa kuwa kimejifunza kuandika "Hollandais" ukingoni bila kuwahi kuiona Uholanzi, nacho kizuri kilichokatwa ukingo hujitembeza hadi jioni.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sina ugomvi na kitambaa cha bei nafuu. Mama mwenye watoto sita ana haki ya kununua kitenge cha kawaida na kupendeza ndani yake. Ugomvi wangu ni na uongo. Mnunuzi akiambiwa "hiki ni cha kuiga, bei yake hii", hiyo ni biashara. Akiambiwa vingine, huo ni wizi, hata kama mwizi anatabasamu.

Serikali inajua vizuri nguvu ya muhuri. Lori la mizigo ya kupita likielekea Kongo kupitia Mpondwe hufungwa lakiri ya forodha yenye namba, na tangu 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Kodi ya serikali ina muhuri wake. Tangu sheria ya 1983 tunalo pia Shirika la Viwango la Taifa. Ninachouliza ni hiki: mbona muhuri unaomlinda mtoza kodi unafuatiliwa kwa setilaiti, ilhali alama inayomlinda mama wa sokoni hakuna anayemfundisha hata kuisoma?

Nimekwisha kusikia pingamizi tatu, na ninataka kuzijibu moja moja.

La kwanza ni kwamba kitenge si chetu. Kimetoka Uholanzi na China; urithi wetu ni nguo ya gome la mti wa mutuba, lubugo, ambayo UNESCO iliitambua. Ninaiheshimu lubugo. Lakini ni ufundi wa Baganda, na anayewaambia watu wa Rwenzori kwamba huo ndio urithi wao wa mavazi anawavika nguo ya jirani. Tena, muhuri wa Ufaransa uliookotwa Michigan ni wa nani? Wataalamu wa huko hawakuutupa kwa sababu sufu ilitoka ng'ambo. Wanausoma kama sehemu ya historia ya watu waliolipa ngozi zao kuipata. Kitu ambacho watu wamekilipia, wamekipa jina, wamekirithisha na kukizikia wafu wao kina historia yao ndani yake. Na msisahau pamba. Kasese inalima pamba. Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi kimechambua pamba ya wakulima wetu kwa miongo mingi. Sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huondoka nchini ikiwa marobota ya nyuzi ghafi. Jinja ilikuwa na Nyanza Textile tangu miaka ya 1950, Kisangani ilikuwa na Sotexki. Majina hayo nayo yalichapishwa juu ya vitambaa, na vipande vyake vimo masandukuni mwetu. Ukitaka kumwonyesha mkulima wa pamba kilichotokea kwa viwanda vya Afrika Mashariki na Kongo, usimpe hotuba. Mpangie kingo za vitambaa vya miaka 50 kwa mfuatano, azione alama za Jinja zikipungua na za mbali zikiongezeka.

La pili halisemwi kwa sauti, ila linasikika: haya ni mambo ya wanawake. Mwenzangu mmoja alipeleka pendekezo la utafiti juu ya vikwembe, akaambiwa atafute "mada nzito". Ninauliza uzito huo unapimwa kwa mizani gani. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, tuliandika kuhusu shaba kwa kuwa waliochimba walikuwa wanaume wenye kadi za kazi. Mishahara ya wachimbaji ilinunua nini Jumamosi jioni? Mada nzito iko pale, imekunjwa sandukuni, na mwenye ufunguo ni bibi.

La tatu ndilo la kisomi zaidi: alama hughushiwa, kwa hiyo haziaminiki. Hata mihuri ya risasi ilighushiwa. Ndiyo sababu palikuwa na adhabu. Lakini barua hughushiwa, hati za ardhi hughushiwa, vyeti hughushiwa, na hakuna anayependekeza tuache kusoma karatasi. Tunajifunza kutofautisha. Zaidi ya hayo, alama ya kughushi ni ushahidi nayo. Hakuna anayeiga kitu kisichotamaniwa. Orodha ya alama bandia za mwaka fulani itatuambia watu wa Bwera mwaka ule walitamani nini na hawakuweza kukilipia.

Basi ninataka nini? Kwanza, idara zikubali kitambaa kuwa chanzo cha utafiti kama zinavyokubali barua na masimulizi. Pili, kila mwanafunzi anayerudi kijijini likizo arekodi vitambaa kumi. Apige picha ukingo, anakili maandishi neno kwa neno pamoja na makosa yake, aandike lugha, namba na upana, aseme kama kimechapishwa upande mmoja au pande mbili, aandike jina ambalo wanunuzi walikipa, kisha amwulize mwenyewe alikinunua wapi, mwaka gani, kwa shughuli gani. Afanye hivyo kwa ridhaa yake, na kitambaa kibaki sandukuni mwake. Darasa la wanafunzi thelathini litakuwa na kingo mia tatu kwa likizo moja. Hiyo ni orodha. Tatu, maarifa yale yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kwa Lhukonzo, kwenye karatasi moja, yabandikwe sokoni. Kazi hii haihitaji mfadhili wala jengo.

Inahitaji haraka, hata hivyo. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulichukua nyumba pamoja na masanduku yake. Bibi wanaokumbuka kitambaa gani kilikuja mwaka gani wanazidi kupungua. Na mafundi wetu, ambao siwalaumu kwa kuwa hakuna aliyewaambia, wanakata kingo leo asubuhi, wakati sisi tumekaa semina tukisikitika kwamba kwetu hakuna nyaraka.